Saa Mbili ya Mlalo

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Sitaki mtu asome huku kidole kimoja kiko kwenye simu. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye daftari la mistari, na shule yangu iliishia darasa la nne. Mjukuu wangu amechapa tu. Nilimkataza kunyoosha sentensi zangu, kisha nikamwambia anisomee yote kwa sauti nihakikishe hakunyoosha.

Habari yenyewe ni ya seva. Naona mnacheka. Chekeni mmalize, nitangoja.

Umoja wetu wa wakulima wa mboga una nyumba tatu. Ofisi iko Lushoto mjini. Ghala la kupokelea liko Mlalo, hatua chache kutoka kwangu. Ghala la tatu liko Mombo, chini kwenye barabara kuu, ambako malori yanapakia kabichi na karoti zetu. Zamani umoja ulikuwa na daftari moja la wanachama, na mwandishi wake nilikuwa mimi. Miaka mingi. Nani ni mwanachama, yuko kikundi gani, mrithi wake ni nani, nani anaruhusiwa kuleta mzigo ghalani na nani haruhusiwi. Daftari lilikaa Lushoto, nami nilikuwa nimepanga chumba huko huko. Mlalo walikuwa na nakala, lakini nakala ile ilikuwa ya kusoma tu. Mtu wa Mlalo akitaka kubadilisha kitu, hata herufi moja ya jina lake, apande gari aende Lushoto.

Nawaambia ukweli, sikuliona hilo kuwa tatizo. Mwanamke anatoka Mlalo alfajiri na mtoto mgongoni, anafika ofisini, anaambiwa mwandishi amekwenda msibani. Anarudi. Anakuja tena siku nyingine. Nilikuwa nawaambia, "Daftari ni moja na kalamu ni moja, mama. Ndiyo utaratibu." Nilijivunia utaratibu ule. Kurasa zangu hazikuwa na doa hata moja, na mpaka leo ukilifungua daftari lile utasoma kila jina bila kukunja uso.

Nilipochoka nikarudi kwangu Mlalo. Halafu umoja ukaamua majina yaingie kwenye kompyuta, na fundi waliyemchukua kwa mkataba akawa mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa mwisho. Mimi sikumwombea kazi. Aliomba mwenyewe, akafanya usaili mwenyewe, na nilisikia habari hizo sokoni kabla hajaniambia.

Kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata hajanunua waya, alikuja kwangu na kalamu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kunirithi kabla sijafa, mke mwenzangu?"

"Nimekuja unifundishe daftari."

Akakaa siku tatu. Aliniuliza mambo ambayo wajumbe wa kamati hawakuwahi kuniuliza. Mtu akifa, unamfuta? Nikamwambia simfuti, napiga mstari mmoja katikati, jina libaki linasomeka, kisha naandika mrithi pembeni. Akaandika. Watu wawili wakiwa na majina yaleyale matatu, unawatofautishaje? Kwa jina la mlima wanakolima. Akaandika. Siku ya tatu nikamuuliza mimi.

"Hiyo seva ni nini hasa?"

"Ni kompyuta inayokaa inangoja kuulizwa."

"Inaulizwa nini?"

"Huyu ni nani, na anaruhusiwa nini."

"Basi hiyo ni mimi."

"Ndiyo bibi. Mtu ninayemtia humo ndani ni wewe."

Nilinyanyuka nikaenda kuangalia mbuzi, kwa sababu mtu mzima hapaswi kuonekana usoni wakati kama ule.

Tuligombana kwenye jambo moja tu. Alisema seva ya Lushoto na ya Mlalo zote mbili zitakuwa na kalamu. Ya Mombo itasoma tu, kwa sababu Mombo ni kupakia malori na hakuna anayekwenda kule kujiandikisha. Mtu akijaribu kuandika akiwa Mombo, mashine haimfukuzi, inamwelekeza Lushoto. Hilo la Mombo nililikubali palepale. Hili la kalamu mbili nililikataa.

"Kalamu mbili kwenye orodha moja zitagombana," nikasema. "Mwenzako wa Lushoto ataandika hivi, wa Mlalo ataandika vile, na orodha itaharibika."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba, nami nikamwacha kwa kuwa nilitaka kujua. Kila seva imepewa namba yake, moja na mbili, hazifanani. Kila mstari unaoandikwa unabeba namba ya seva iliyouandika na saa uliyoandikwa, mpaka vipande vya sekunde. Lushoto ikiandika inaiambia Mlalo, Mlalo ikiandika inaiambia Lushoto. Mtandao ukikatika, kila moja inaendelea na kazi yake, na ukirudi zinapeana habari zote.

"Na kama zote mbili zimeandika mstari uleule, kila moja na neno lake?"

"Zinaangalia saa. Neno la mwisho ndilo linalobaki."

Nikatafuta pa kumkamata, nikakosa. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivyo. Mtu akija Jumatatu kusema mrithi wake ni kaka yake, akaja Alhamisi kusema ni mke wake, nilishika la Alhamisi.

Siku aliyozifungua seva zile, wajumbe walisimama ghalani Mlalo mikono nyuma kama watu waliokuja kununua ng'ombe. Akaandika namba mpya ya simu kwenye mstari wangu, hapahapa Mlalo, kisha akampigia karani wa Lushoto na kuiweka simu kwenye spika. "Soma mstari wa bibi." Karani akaisoma namba yote, tarakimu kwa tarakimu. Mjumbe mmoja akasema, "Labda walipatana mapema." Nikamwambia, "Basi andika na wewe yako, baba, tuone mtapatana na nani." Akaandika. Ikasomwa.

Tangu siku ile wanawake wa Mlalo hawakupanda gari kwa ajili ya jina.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea.

Masika yale umeme ulikatika siku mbili, na mnara wa mtandao nao ukazimika. Siku ya tatu asubuhi umeme ukarudi, mtandao bado. Karani wa Mlalo alikuwa amempeleka mtoto kliniki, na ufunguo wa akiba nauweka mimi. Nikafungua ghala. Ile seva ilikuwa imewaka lakini imegoma kufanya kazi. Ndani yake kuna kibetri kidogo cha kutunza saa, na kile kibetri kilikuwa kimekufa, kwa hiyo iliamka haijui ni siku gani. Mjukuu wangu alikwishaifundisha: ukiamka hujui saa, na huna mtandao wa kuuliza, usipokee maandishi mpaka mtu akuambie. Na kwa kuwa alijua wanaoingia mle ni sisi, maneno aliyaweka kwa Kiswahili. Kioo kilisema: Andika tarehe ya leo. Nikaandika. Kikasema: Andika saa.

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Nikaandika 2:10.

Kikasema: Asante.

Nikafunga mlango nikatoka kifua mbele. Mwanamke wa darasa la nne nimeamsha seva. Nilimsimulia kila niliyekutana naye njiani mpaka nyumbani.

Baadaye asubuhi ileile karani akarudi, akaanza kuandika. Wa kwanza alikuwa jirani yangu, mjane. Mume wake alikuwa amefariki, arobaini imekwisha, na mama huyu alikuja kuandikwa mahali pa marehemu ili awe analeta mzigo kwa jina lake. Akaandikwa. Akapewa kadi. Alipita kwangu kunionyesha jina lake kwenye kadi, akilishika kwa ncha za vidole kana kwamba wino haujakauka.

Keshokutwa yake, mtandao ukiwa umesharudi, alileta kabichi ghalani. Mpokeaji akaweka kadi kwenye mashine, akaangalia kioo, akaangalia mama, akaangalia kioo tena.

"Mama, huyu anayeruhusiwa hapa ni mume wako."

"Mume wangu amekufa."

"Hapa anaonekana yupo. Tena amehamishiwa kikundi kingine."

"Amehamishiwa kikundi!" Mama yule akacheka, kicheko kile kibaya. "Basi mwambie aje abebe kabichi zake mwenyewe. Mimi mgongo unaniuma."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yeye akaketi juu ya gunia akaanza kulia. Kabichi zilirudi nyumbani. Akaja moja kwa moja kwangu, akasimama mlangoni bila hata kubisha hodi.

"Mama," akaniambia, "nilimzika. Mlikuwepo wote. Mbona mashine yenu imemfufua na mimi imenifuta?"

Nikampa kigoda, nikampigia simu mjukuu wangu.

Akapanda kutoka Lushoto siku ileile. Akajifungia ghalani akisoma kumbukumbu za mashine, mstari kwa mstari. Mchana nilimpelekea chakula.

"Umeliona kosa?"

"Nimeliona."

"Ni nini?"

"Ni saa, bibi. Kosa ni langu." Na hakuniangalia. Alikula akiangalia ukuta.

Akarudi Lushoto. Siku mbili baadaye tukasikia kamati imemwita. Wajumbe waliokuwa hawapendi kalamu ya Mlalo walipata la kusema: sasa wafu wanafufuka, tuirudishe kalamu Lushoto peke yake, Mlalo wasome tu kama zamani. Na mkataba wa binti uishie hapo. Alikwisha kuwaandikia barua kwamba kosa ni lake peke yake.

Siku moja kabla ya kikao, karani wa Mlalo alipita kwangu kuomba chumvi. Nilikuwa nachambua maharage.

"Hivi mashine iliharibika wapi hasa?" nikamuuliza.

"Haikuharibika, bibi. Saa yake ilikuwa nyuma kwa saa kadhaa. Saa sita kamili."

"Kamili?"

"Kamili. Kwa hiyo kila tulichoandika Mlalo asubuhi ile kilionekana kimeandikwa usiku, kabla hakujapambazuka. Lushoto walikuwa wamegusa mstari wa marehemu asubuhi, saa moja na nusu, wakamhamisha kikundi. Hawakuwa na habari kwamba amefariki. Sisi tuliandika baada yao, lakini kwa mashine sisi tulitangulia. Neno la Lushoto likawa la mwisho. Mstari wetu wote ukafutwa."

"Na mtandao uliporudi haikujisahihisha?"

"Tofauti ikiwa kubwa mno inakataa. Inadhani inadanganywa."

Akachukua chumvi akaenda. Nikabaki na maharage mapajani. Saa sita kamili. Nikahesabu kwa vidole. Mbili, jumlisha sita, nane. Kompyuta inahesabu kutoka usiku wa manane, sisi tunahesabu kutoka jua linapochomoza. Saa mbili yangu ya asubuhi, kwake ni nane. Nami nilimwandikia mbili.

Mjukuu wangu alijua. Karani alimwambia ni nani aliyefungua ghala asubuhi ile, maana nilikuwa nimetangaza kijiji kizima. Alijua tangu mchana ule nilipompelekea chakula, akaona afadhali apoteze kazi kuliko amwambie bibi yake, "Bibi, umekosea."

Nikaacha maharage palepale. Asubuhi nikavaa kitenge changu cha kwendea vikao, nikapanda gari la kwanza.

Kikao kilikuwa kimeanza nilipoingia. Walisimama wote, kila mmoja akaniamkia, nikaitikia mmoja mmoja, sikuruka hata mmoja. Mjukuu wangu alikuwa amekaa mwisho wa meza, karatasi mbele yake. Aliponiona akatikisa kichwa kidogo, yaani nisiseme. Nikamwangalia mpaka akaangalia chini.

"Mwenyekiti," nikasema, "saa ile niliiweka mimi."

Mjumbe mmoja akasema kwa upole, "Bibi, tunaelewa. Mjukuu ni mjukuu. Lakini usimkingie."

"Sijamkingia. Mwenyekiti, sasa hivi ni saa ngapi?"

Mwenyekiti akatoa simu mfukoni, akaitazama. "Saa nne na dakika ishirini, bibi."

"Simu yako inasema nne?"

Akaitazama tena.

"Soma, baba. Simu inasema ngapi?"

"Inasema kumi na ishirini."

"Sasa wewe mbona umesema nne? Umetudanganya?"

Wakaanza kutoa simu zao mmoja mmoja. Mzee mmoja mwishoni mwa meza, aliyekuwa anasinzia, akasema, "Kumbe!" Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Mwingine akasema, "Hata mimi ningeandika mbili." Jirani yake akamwambia, "Wewe usingeandika kitu, ungemwita karani."

"Mashine iliniuliza kwa Kiswahili," nikasema, "nikaijibu kwa Kiswahili. Basi. Kalamu ya Mlalo haina ubaya. Ile asubuhi Lushoto na Mlalo ziliandika mstari mmoja, zikaangalia saa, zikashika neno la mwisho, kama zilivyoagizwa. Zilifanya sawasawa. Aliyezipa saa ya uongo ni mimi, na sikujua."

Hapo mjukuu wangu akasimama. "Naomba niseme. Bibi hakukosea. Niliuliza saa bila kusema ni saa ipi. Mtu wa Mlalo ukimuuliza saa asubuhi atakwambia mbili, na atakuwa amesema kweli. Mimi nimezaliwa hapa, nilitakiwa kujua."

Kisha akawaonyesha alichokwisha kutengeneza kabla hata hawajamwita, na hakikuwa kwenye ile barua. Seva sasa inauliza: Ni asubuhi, mchana, jioni au usiku? Halafu inauliza saa, kwa hesabu yetu. Inajigeuzia yenyewe ndani. Halafu inakurudishia maneno kwanza: "Umesema saa mbili na dakika kumi asubuhi. Ni kweli?" Ukikubali ndipo inaendelea. Na mtandao ukirudi, inalinganisha saa yake na ya Lushoto kabla haijapeana mstari hata mmoja. Zikitofautiana, hazibadilishani kitu, zinamwita yeye. Na mistari yote ya siku ile aliitoa kwenye kumbukumbu, akaisoma mmoja mmoja, akairudisha ilivyotakiwa. Mjane alikuwa tayari yuko mahali pake. Marehemu naye yupo, amepigwa mstari mmoja katikati, anasomeka.

Mwenyekiti akamuuliza, "Kwa nini hukuandika haya kwenye barua yako?"

Akaanza kukunja karatasi iliyokuwa mbele yake. Mimi nilijua kwa nini. Angeyaandika, wangeuliza saa ile iliwekwa na nani.

Hawakupiga hata kura. Kalamu ya Mlalo ikabaki Mlalo. Mkataba ukaendelea. Yule mjumbe aliyesema nisimkingie mjukuu alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniuliza kama binti angeweza kumwekea na simu yake isome kwa saa zetu. Nikamwambia, "Mwulize mwenyewe. Ni fundi, si mtoto wa kutumwa."

Sina haya kusema kwamba nilirudi Mlalo nimenyooka mgongo. Nimeandika daftari miaka mingi bila doa, na doa langu la kwanza limefanya mashine ijifunze kusoma jua kama sisi tunavyolisoma. Na yule anayeifundisha alijifunzia daftari sebuleni kwangu. Jirani yangu alipeleka kabichi kesho yake. Mpokeaji akaweka kadi, akasoma jina kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na mama akamjibu, "Ndiyo mimi, sogea nipite."

Lakini kulikuwa na jambo lililobaki, na halikuwa la mashine. Jioni ya siku ya kikao mjukuu wangu alikuja na mimi nyumbani. Wanangu walikuwepo, wake zao na watoto wao, chakula kimeshawekwa. Nikamwambia kila mtu asiguse sahani. Nikamwita yule binti asimame katikati, mahali wote wanapoweza kumwona.

"Huyu," nikasema, "alitaka kupoteza kazi kwa kuogopa kuniambia neno moja. Mnaona hiyo ni heshima? Mama mmoja amelia juu ya gunia, Mlalo nzima ilikuwa inyang'anywe kalamu, na mwenye kosa niko nyumbani nachambua maharage. Kuanzia leo, katika nyumba hii, nikikosea niambiwe. Shikamoo yangu siiachi, mniamkie kwanza. Nikishaitikia, mniambie nilichokosea, wazi, mkiniangalia usoni. Na atakayenificha kosa langu tena, awe mkubwa awe mdogo, asikae kwenye mkeka wangu."